Ushindi Usioandikwa kwa Jina Lao: Njia za Makocha Wasaidizi katika Kikapu cha Wanawake cha Vyuo Vikuu vya Marekani

Katika msimu wa 1995–96 kocha mkuu Tara VanDerveer aliondoka Chuo Kikuu cha Stanford kwa mwaka mmoja ili aifundishe timu ya taifa ya wanawake ya Marekani iliyokuwa ikijiandaa kwa Olimpiki ya Atlanta. Nafasi yake ikashikwa kwa pamoja na msaidizi wake wa siku nyingi, Amy Tucker, na Marianne Stanley. Stanford ilishinda michezo 29, ikapoteza mitatu tu, na ikafika hatua ya timu nne za mwisho. Msimu uliofuata VanDerveer alirejea kazini, naye Tucker akarudi kwenye kiti chake cha pembeni, akaendelea kukikalia kwa miaka mingi zaidi. Alikuwa pale tangu 1985, alishiriki katika ubingwa wa 1990 na wa 1992, na bado msimu ule mmoja wa kushika nafasi ya mwingine ndio pekee ambao vitabu vya takwimu vya Stanford vinauhesabu kwa jina lake.

Jambo hilo ndilo linalonifanya niitazame kazi ya kocha msaidizi kwa jicho tofauti na kazi nyingine za michezo. Mchezaji ana pointi zake na kocha mkuu ana ushindi wake, lakini msaidizi hana rekodi. Anaweza kufanya kazi kwa miaka ishirini, akawalea wachezaji kumi wa timu ya taifa, na siku anapoomba kazi nyingine karatasi yake ikawa na orodha ya ushindi wa mtu mwingine. Ndiyo maana njia zao za kupanda zina mikondo migeni kwa mtu anayezitazama kwa mbali: zinategemea mno ni nani aliyekaa karibu naye, ni nani atakayemsemea, na ni lini kiti fulani kitabaki wazi.

Nilianza kuzifuatilia njia hizi kwa dhati baada ya mpwa wangu, ambaye anacheza kikapu kwa ufadhili wa masomo katika chuo cha miaka miwili huko Texas, kuniambia kwamba hataki kurudi nyumbani moja kwa moja baada ya kumaliza kucheza. Anataka kuwa kocha. Mimi nilikuwa nimezoea kukesha usiku wa Machi kuangalia mashindano yao, kwa kuwa mchezo wa jioni wa kule hutukuta sisi alfajiri, na nilidhani nayajua mengi. Alichoniuliza sikuwa nimewahi kukifikiria: mtu anaanzia wapi?

Kwanza ni vyema kueleza wanafanya nini, maana televisheni huonyesha watu wanne au watano waliovaa nadhifu wakipiga makofi. Katika timu nyingi za Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, wasaidizi hugawana wapinzani wa msimu mzima. Mchezo wa Alhamisi ni wa huyu, wa Jumapili ni wa yule. Mwenye mpinzani ndiye anayetazama video za michezo yake kadhaa iliyopita, anayeandika ripoti, anayewafundisha wachezaji wa akiba kuiga mashambulizi ya mpinzani huyo mazoezini, na anayekaa karibu na kocha mkuu siku ya mchezo ili amnong’oneze mpira unakoelekea kabla haujatupwa. Timu inapoita mapumziko mafupi, makocha hukusanyika kwanza peke yao kwa sekunde chache, na mara nyingi anayezungumza hapo ni mwenye ripoti. Kocha mkuu huyabeba maneno hayo kuyapeleka kwa wachezaji, na kamera humfuata yeye.

Mgawanyo wa pili ni wa nafasi za uwanjani, yaani mmoja anawanoa walinzi na mwingine anawanoa warefu wanaocheza chini ya kikapu. Wa tatu, ambao ndio wenye uzito mkubwa sokoni, ni wa kusaka wachezaji. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ziliruhusu timu kuwa na wasaidizi watatu. Kuanzia Julai 2023 timu za kikapu ziliruhusiwa kuongeza wawili wa kufundisha mazoezini, ila kanuni hiyo iliwanyima hao wawili ruhusa ya kutoka nje ya chuo kwenda kuwasaka wachezaji. Nafasi za ajira ziliongezeka, lakini pia kulitokea tabaka mbili ndani ya chumba kimoja, na ambaye hatoki kwenda kukaa sebuleni kwa mama wa binti wa miaka kumi na saba hakusanyi kile ambacho waajiri hukiulizia kwanza.

Sasa nirudi kwenye swali la mpwa wangu. Mlango wa chini kabisa ni ule wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeisaidia timu na kulipiwa ada pamoja na posho ndogo. Ni mlango wa zamani na wa heshima. Mwaka 1974 Pat Summitt, wakati huo Pat Head, alifika Chuo Kikuu cha Tennessee akiwa na miaka 22 ili awe msaidizi wa aina hiyo, lakini kocha aliyekuwepo akaondoka kabla ya msimu kuanza na binti huyo akajikuta kocha mkuu kwa mshahara wa dola 250 kwa mwezi, akifua jezi na kuendesha gari la timu yeye mwenyewe. Alikuja kushinda michezo 1,098 na mataji 8. VanDerveer naye alianza hivyo, akiwa Ohio State katika miaka ya sabini. Leo hakuna atakayeokota timu ya Tennessee kwa namna ile, kwa hiyo mwanafunzi huyo hupanda kwanza kuwa mratibu wa video au mkurugenzi wa shughuli za timu, kazi inayohusu mabasi, hoteli, chakula na ratiba, kisha ndipo apate nafasi ya msaidizi katika chuo kidogo.

Kwa msichana aliyetoka Afrika Mashariki kuna kizingiti kingine ambacho Wamarekani hawakigusi. Viza ya mwanafunzi humruhusu kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na baada ya shahada anapata miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na alichosomea. Kwa hiyo aliyesomea uhasibu hawezi kuitumia miezi hiyo kubeba mipira na kukata video, hata kama anaijua kazi kuliko wenzake wote. Nilimwambia mpwa wangu achague kozi ya usimamizi wa michezo au sayansi ya mazoezi mapema, na asingoje mwaka wa mwisho. Huo ndio ushauri pekee niliompa nikiwa na uhakika kamili.

Akishaingia, maisha yake yanafungamana na ya kocha mkuu. Mikataba ya wasaidizi kwa kawaida huwa mifupi, na bosi anapofukuzwa, benchi lote huhesabika limeondoka naye, hata kama msaidizi ndiye aliyewaleta wachezaji bora waliobaki. Msimu wa kuhama ni Machi na Aprili. Wanafunzi nao huhama kipindi hichohicho tangu uhamisho huru ulipokubaliwa mwaka 2021, hivyo msaidizi anaweza kuwa anatafuta kazi huku akipiga simu kwa wachezaji wanaotafuta vyuo, bila kujua atakuwa anawaita wapi. Chama cha makocha wa kikapu cha wanawake, WBCA, kilichoanzishwa mwaka 1981, hufanya mkutano wake wa mwaka katika mji uleule unaoandaa hatua ya timu nne za mwisho. Makocha husema kwamba nje ya semina, biashara halisi hufanyika kwenye kumbi za mapokezi za hoteli, mahali ambapo ajira nyingi huanza kwa salamu.

Wapo waliomfuata bosi mmoja kwa hiari, na kwa maoni yangu kundi hili ndilo linaloeleza vizuri zaidi thamani ya kazi yenyewe. Jan Jensen alikuwa mchezaji wa Drake aliyeongoza taifa zima kwa wastani wa pointi mwaka 1991. Alikuwa msaidizi wa kocha Lisa Bluder palepale Drake, akahamia naye Iowa mwaka 2000, na akabaki pembeni yake kwa miaka 24. Kazi yake kubwa ilikuwa wachezaji warefu. Ukitaka kuiona, mtazame Megan Gustafson, aliyetajwa kuwa mchezaji bora wa taifa mwaka 2019: jinsi alivyopokea mpira mgongo ukielekea kikapu, hatua moja ya kujifanya, kisha mgeuko. Mbinu hizo si za mtoto aliyezaliwa nazo. Dunia iliijua Iowa kupitia nyota wake Caitlin Clark na mipira yake ya mbali, na hilo ni haki yake. Hata hivyo shule hiyo ilikuwa na darasa la warefu muda mrefu kabla Clark hajafika, na mwalimu wa darasa hilo hakuwa na jina midomoni mwa watazamaji hadi Mei 2024, Bluder alipostaafu na Jensen akatangazwa mara moja kuwa mrithi.

Urithi wa namna hii unaonekana kuwa zawadi, lakini una ubaya wake. Jensen alikabidhiwa timu katika mwezi uleule ambao watu walikuwa wakiuliza Iowa itakuwa nini bila Clark. Kate Paye, aliyecheza Stanford na kuwa msaidizi wa VanDerveer kuanzia 2007, aliipokea timu mwaka 2024 wakati ligi ya Stanford ilikuwa imevunjika na chuo kikilazimika kuhamia ligi ya pwani ya mashariki. Na hakuna aliyerithi mzigo mzito kuliko Holly Warlick. Alikuwa mlinzi wa Summitt katika miaka ya sabini, akarudi kuwa msaidizi wake mwaka 1985, akakaa benchi moja naye kwa miaka 27. Agosti 2011 Summitt alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, na msimu ule Warlick akawa anafanya sehemu kubwa ya kazi ya kocha mkuu huku cheo kikiwa cha mwenzake. Aprili 2012 akapewa timu. Katika misimu saba alishinda michezo 172 na kupoteza 67, akaifikisha timu mara tatu katika hatua ya nane bora, kisha mwaka 2019 akaondolewa.

Huwa nikisoma takwimu hizo nakasirika kidogo. Katika vyuo vingi rekodi ya namna hiyo ingejengewa sanamu. Pale Tennessee ilipimwa kwa mataji 8 ya mtangulizi, mataji ambayo Warlick mwenyewe alikuwepo benchini yote yakipatikana, kwani la kwanza lilikuja 1987. Alipokuwa msaidizi hayakuhesabiwa kuwa yake, na alipokuwa kocha mkuu yakageuzwa kuwa deni lake.

Niele Ivey wa Notre Dame alipita njia iliyozunguka kidogo, na ninadhani alifanya jambo la busara. Alikuwa mlinzi wa timu ya mabingwa ya 2001, akawa msaidizi wa kocha mkuu Muffet McGraw kuanzia 2007, kisha mwaka 2019 akaondoka na kwenda kuwa msaidizi katika timu ya wanaume ya Memphis Grizzlies ya NBA. Haukupita mwaka, McGraw akastaafu Aprili 2020, na Ivey akaitwa nyumbani. Tofauti yake na Warlick ni kwamba alirudi akiwa na kitu ambacho hakukipata kwa bosi wake, na hata kama msimu mmoja wa NBA hauwezi kumfundisha mtu mambo mengi mno, unawanyima wakosoaji neno la kusema kwamba amekulia chini ya kwapa moja tu.

Kim Mulkey ndiye mfano wa mrithi ambaye urithi ulimponyoka, akafaidika. Alicheza Louisiana Tech, akawa msaidizi palepale kwa miaka 15 chini ya kocha mkuu Leon Barmore. Barmore alipotaka kustaafu mwaka 2000, Mulkey alipewa mkataba wa miaka minne, yeye akataka mitano. Chuo kikakataa. Akaenda Baylor, timu iliyokuwa imetoka kushinda michezo 7 na kupoteza 20, akaipatia mataji matatu, na baadaye la nne akiwa LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, mwaka 2023, mwaka ambao LSU ilimpa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 36. Mwaka mmoja wa mkataba uliobishaniwa uliigharimu Louisiana Tech kizazi kizima. Waswahili husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Vyuo navyo huvuta, na hukadiria thamani ya msaidizi kwa bei ya jana.

Si kila anayetoka hushika njia ya juu. Benchi la UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha mkuu Geno Auriemma limetoa makocha wakuu kadhaa, na watatu kati yao wanatosha kuonyesha tofauti. Tonya Cardoza aliondoka mwaka 2008 baada ya miaka 14 akaiongoza Temple hadi 2022. Jamelle Elliott, mchezaji wa timu ya mabingwa ya 1995, alikwenda Cincinnati mwaka 2009 na kukaa hadi 2018. Shea Ralph alichukua Vanderbilt mwaka 2021 na bado anajenga. Cardoza na Elliott wote wawili walirudi UConn. Sisi huku tungesema wameshindwa, maana tumezoea kwamba mtu akishapanda cheo kushuka ni aibu. Katika kazi hii kurudi ni jambo la kawaida, na pengine msaidizi aliyewahi kukaa kwenye kiti cha moto huwa na manufaa zaidi, kwa sababu anajua ni lini kocha mkuu anahitaji ushauri na ni lini anahitaji kuachwa. Nikki McCray naye alikuwa msaidizi South Carolina chini ya kocha mkuu Dawn Staley, mwenzake katika timu ya Marekani iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki 1996, kuanzia 2008 hadi 2017. Akaiongoza Old Dominion, akapanda kwenda Mississippi State, akajiuzulu kwa sababu za afya mwaka 2021, na akarudi kuwa msaidizi Rutgers kabla ya kufariki Julai 2023 akiwa na miaka 51.

Ipo njia ya kukwepa foleni hii yote: kutafuta rekodi yako mwenyewe mahali padogo. Bluder alianza katika chuo kidogo cha St. Ambrose mwaka 1984. Kim Caldwell aliongoza Glenville State ya West Virginia, akatwaa ubingwa wa Daraja la Pili mwaka 2022, akakaa Marshall msimu mmoja, na mwaka 2024 akapewa Tennessee, kiti ambacho Warlick alikisubiri miaka 27. Hoja ya waajiri ni rahisi kuielewa, kwa kuwa ushindi wake ulikuwa wake. Bado sishawishiki kwamba kuendesha timu ndogo ni ushahidi bora kuliko kuijua timu kubwa kwa ndani, ila nakiri kwamba ni ushahidi unaosomeka kwa haraka.

Na kwetu tulishuhudia jambo linalotia shaka hoja hiyo. Mashindano ya Afrika ya wanawake ya 2023 yalifanyika Kigali, na Nigeria ilikuja na kocha mpya, Rena Wakama, aliyeteuliwa wiki chache tu kabla. Hakuwahi kuwa kocha mkuu mahali popote. Alikuwa amefanya kazi za usaidizi na za shughuli za timu katika vyuo visivyovuma, Manhattan na Stony Brook. Nigeria iliifunga Senegal 84–74 katika fainali, naye akawa mwanamke wa kwanza kutwaa taji hilo akiwa kocha mkuu. Mwaka uliofuata mjini Paris aliifikisha Nigeria robo fainali ya Olimpiki, hatua ambayo hakuna timu yoyote ya Afrika, ya wanaume wala ya wanawake, ilikuwa imeifikia, na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ikamtaja kocha bora wa mashindano ya wanawake. Hakuna karatasi ya ajira ya Stony Brook ambayo ingeweza kutabiri hayo.

Swali la jinsia haliwezi kukwepwa hapa. Kabla ya sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake za vyuo zilifundishwa na wanawake. Fedha zilipoingia, wanaume nao waliingia, na leo, michezo yote ikijumlishwa, wanawake ni chini ya nusu, ingawa kikapu kina hali nafuu. McGraw alisema mwaka 2019 kwamba hataajiri tena msaidizi mwanamume. Wengi walimshambulia. Mimi naona alikuwa anazungumzia hesabu: benchi la wasaidizi ndilo kitalu cha makocha wakuu, mwanamume ana pia kitalu cha timu za wanaume, na mwanamke hadi juzi alikuwa na hiki kimoja tu.

Wanabaki wale wasiotaka kwenda popote. Chris Dailey alifika UConn pamoja na Auriemma mwaka 1985, timu ikiwa na msimu mmoja tu wa mafanikio katika historia yake, na hajaondoka. Lisa Boyer alikuwa kocha mkuu wa Bradley, akamfundisha Staley katika ligi ya kulipwa ya ABL, msimu wa 2001–02 akafanya kazi na Cleveland Cavaliers akiwa mwanamke wa kwanza katika kundi la makocha wa timu ya NBA, kisha mwaka 2002 akaamua kuwa msaidizi wa mchezaji wake wa zamani huko Temple, na baadaye South Carolina. Tarehe 6 Aprili 2025 wanawake hao wawili walikutana mjini Tampa katika fainali, UConn ikashinda 82–59. Dailey alikuwa katika msimu wake wa 40. Pembeni yake alikaa Elliott, na katika benchi la pili, karibu na Boyer, alikuwepo Jolette Law, aliyeongoza Illinois kwa miaka mitano. Hao watatu, ukimwacha Dailey, walishakuwa makocha wakuu wa vyuo, na wote waliingia uwanjani usiku ule na ripoti mkononi.